Darasa la Jioni la Kusahihisha Kiingereza, Ngamiani Tanga: Tathmini Baada ya Wiki Nane

Nilijiandikisha katika darasa hili kwa sababu ya neno moja tu, nalo ni "Yes". Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Tanga, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia katika kuandikiana barua pepe kwa Kiingereza na watu wa meli, wenye mizigo na mawakala wa nchi za nje. Mwaka jana wakala mmoja alituuliza, "Haven't you paid the storage charges?" nami, kwa kuwa ni kweli tulikuwa hatujalipa, nikajibu "Yes" na kuendelea na shughuli nyingine. Kwa Kiswahili jibu langu halikuwa na kasoro hata kidogo, kwa sababu mtu akiulizwa "Hamjalipa?" na akawa hajalipa, hujibu "Ndiyo, hatujalipa", akikubaliana na kauli ya aliyemuuliza. Katika Kiingereza "Yes" haiifuati kauli ya muulizaji bali hulifuata tendo lenyewe, hivyo wakala yule alielewa kwamba tumeshalipa, akamwarifu mwenye mzigo, na kontena likakaa bandarini siku nne zaidi huku gharama zikipanda. Bosi wangu hakunifokea. Aliniwekea ankara mezani na kuniambia, "Mdogo wangu, tafuta mahali ukafundishwe upya."

Darasa lenyewe halina kibao mlangoni. Lipo Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, ghorofani juu ya duka la vitambaa, na anayelitafuta hana budi kuulizia kwa "mwalimu wa makosa", jina ambalo wenyeji wa mtaa wamelizoea kiasi kwamba hawaoni tena kichekesho kilichomo. Mwalimu ni mstaafu aliyefundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka mingi. Masomo huanza baada ya sala ya Magharibi, husimama kidogo kwa ajili ya Isha, kisha huendelea hadi saa tatu kasorobo, siku tatu kwa wiki kwa muda wa wiki nane. Ada ni shilingi 80,000, ambazo mtu anaruhusiwa kuzilipa kwa mafungu mawili. Katika kundi letu tulikuwa watu 22: wauguzi, wapokeaji wageni wa hoteli za upande wa Raskazone, vijana wanaotafuta kazi katika shughuli za bomba la mafuta ghafi linaloanzia Hoima nchini Uganda na kuishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443, walimu wawili wa shule ya msingi, na mzee mmoja mstaafu wa reli aliyesema wazi kuwa amekuja ili mjukuu wake wa Kidato cha Pili asiendelee kumcheka.

Ni vyema ieleweke mapema kwamba hapa hapafundishwi Kiingereza kwa anayeanza. Mtu asiyeweza kuandika aya moja, hata yenye makosa, atapoteza fedha zake. Malighafi ya darasa ni sentensi mbovu za wanafunzi wenyewe, na sharti la kuhudhuria ni kuja na sentensi tatu ulizoziandika kazini ndani ya wiki hiyo bila kuzirekebisha njiani. Jioni za mwanzo wengi wetu tulileta sentensi tulizokwisha kuzitakasa nyumbani, na mwalimu alizirudisha kama mwenye duka anavyorudisha noti iliyochanika: "Hii hukuituma popote, mwanangu. Niletee ile uliyoituma."

Namna ya kufundisha ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Ubao hugawanywa kwa mstari mmoja unaokwenda kutoka kushoto hadi kulia. Juu ya mstari huandikwa sentensi ya Kiswahili iliyokuwa kichwani mwa mwandishi, na chini yake Kiingereza alichokiandika. Kisha kila kipande cha juu huunganishwa na mwenzake wa chini. Kipande cha Kiswahili kilichojipenyeza katika Kiingereza ilhali hakina kiti huko, mwalimu hukiita abiria wa ziada. Pale ambapo Kiingereza kinadai neno na Kiswahili hakikuwa nalo, huchorwa kisanduku kitupu. Nimesoma chini ya walimu kadhaa wa Kiingereza tangu Kidato cha Kwanza, ambapo sote huhamishwa ghafla kutoka masomo ya Kiswahili hadi masomo ya Kiingereza, na karibu wote walilichukulia kosa kama uvivu au kama ujinga. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiliuliza kosa lilikotoka.

Tuchukue sentensi yangu ya kwanza, "Our cargo it has arrived." Juu ya mstari iliandikwa "Mzigo wetu umefika." Ile "u-" ya "umefika" katika Kiswahili haiondoki hata kama mzigo umeshatajwa, kwa sababu ni ya upatanisho wa kisarufi na kitenzi hakisimami bila hiyo. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. "It" huja kukaa badala ya nomino, na haiwezekani wote wawili wakakalia kiti kimoja. Maelezo hayo yalichukua dakika tatu, na tangu siku hiyo sijalirudia kosa hilo, ingawa shuleni niliwahi kulipigiwa mstari mwekundu mara nyingi bila kuambiwa sababu.

Kosa jingine la ukoo huohuo lilikuwa gumu zaidi na ndilo lililonivutia kuliko yote. Niliandika "the container which we received it yesterday", nikiwa na "kontena tulilolipokea jana" kichwani. Ndani ya "tulilolipokea" mna "-li-" ya wakati uliopita, mna "-lo-" ya urejeshi ambayo kwa Kiingereza huwa "which", na mna "-li-" nyingine ya mtendwa, ambayo ndiyo iliyonong'ona sikioni mwangu mpaka nikaandika "it". Kwa upande wa watu Kiswahili ni kikali zaidi, maana hakuna mtu mzima atakayesema "mteja tuliyeona" akaridhika. Ni lazima iwe "tuliyemwona". Kwa hiyo "the client whom we called him" si sentensi ya mtu asiyejua sarufi. Ni sentensi ya mtu anayejua sarufi barabara, isipokuwa ni sarufi ya lugha nyingine. Nilipofungua barua zangu za zamani usiku ule niligundua kwamba nimekuwa nikimpandisha abiria huyu kwa miaka 11.

"Although" na "but" katika sentensi moja ni abiria wa aina hiyo hiyo. Sisi husema "Ingawa meli ilichelewa, lakini mzigo ulitoka siku ileile", na masikio hayashtuki. Kiingereza hutaka kimoja tu kati ya viunganishi hivyo viwili. Hapo hapakuhitaji maelezo mengi.

Visanduku vitupu vilituchukua muda mrefu zaidi. Msomaji huenda hajatambua kwamba nimeshaandika aya kadhaa kuhusu mwalimu wetu bila kuonyesha kama ni mwanamume au mwanamke, na sidhani kama alikwama popote. Ni mama wa makamo, na Kiswahili hakikunilazimisha kulisema hilo hadi nilipotaka mwenyewe. Kiingereza kingenilazimisha katika sentensi ya pili. Ndiyo maana mzungumzaji wa Kiswahili aliyesoma vizuri, anayejua fika tofauti ya "he" na "she", bado huvichanganya anapoandika kwa haraka: akilini mwake kuna "a-" moja tu, na taarifa ya jinsia haijatengenezwa bado wakati mkono unapofika mahali pake.

Dada mmoja muuguzi alileta sentensi za taarifa ya kukabidhiana zamu katika wodi ya wazazi. Aliandika, "The patient was admitted at night. He delivered a baby boy and she is crying well." Darasa lilicheka, na yeye mwenyewe alicheka, lakini mwalimu aliandika chini yake sentensi iliyofuata katika taarifa ileile: "He was given an injection." Akauliza, ni nani aliyechomwa sindano, mama au mtoto? Kicheko kilikatika. Tukiandika kwa Kiswahili kwamba "alichomwa sindano" kila msomaji anajua kuwa "a-" haimwambii chochote, hivyo mwandishi makini humtaja mtu. Kiingereza kinatoa ahadi ya kumtambulisha mtu kwa jinsia yake, na ahadi hiyo ikivunjwa msomaji hupotea bila kujua kuwa amepotea. Dawa aliyoitoa mwalimu ni rahisi na inafanya kazi: maliza kuandika, kisha isome taarifa yote tena mara moja kwa ajili ya "he", "she", "his" na "her" peke yake, ukianzia sentensi ya mwisho na kurudi nyuma ili maana isikuvute. Usitafute makosa mengine katika msomo huo. Kila mtu anajua makosa yake mawili au matatu sugu, na kila moja lipewe msomo wake.

Kundi la tatu halikupewa jina, ingawa lilistahili. Ni yale maneno ambayo Kiswahili kinayo moja na Kiingereza kimeligawa mara mbili au tatu. "Hadi" ndiyo iliyotuumiza zaidi sisi wa maofisini. Nilikuwa nikiwaandikia watu, "Please send the original documents until Friday", nikimaanisha hadi Ijumaa ziwe zimefika, na kwa Kiingereza nilikuwa nikiwaomba waendelee kuzituma bila kupumzika mpaka Ijumaa. Mwisho wa muda wa kutimiza jambo ni "by". Tena "hadi" ya mahali haiwi "until" kabisa, kwa hiyo dereva aliyeandika "I escorted the truck until Korogwe" alipaswa kuandika "as far as Korogwe". "Kuazima" nako kunafanya kazi kwa anayetoa na anayepokea, ndiyo sababu tunasikia "Borrow me your pen" kila siku mahali ambapo Kiingereza hutaka "lend". Na mpokeaji wageni mmoja, akiomba radhi kwa mgeni aliyelalamikia chumba, aliandika "We are sorry that you heard a bad smell". Sisi husikia harufu, husikia njaa na husikia baridi, na sioni kwa nini tuone haya kwa hilo. Kiingereza kimeliachia sikio sauti peke yake.

Kuhusu nyakati za vitenzi, jioni mbili zilitosha kuondoa "We are waiting for the documents since Monday". Kiswahili huruhusu "Tunasubiri hati tangu Jumatatu", kwa maana kungoja bado kunaendelea. Kiingereza kinataka kionyeshe kwamba tendo lilianzia nyuma na limefika hadi sasa, hivyo huwa "We have been waiting". Mwalimu aliongeza kuwa "since" hushika mahali tendo lilipoanzia, kama Jumatatu au 2019, wakati "for" hushika urefu wa muda, kama siku tatu au miaka mitano. Hivyo "since three days" haifai hata kama sisi husema "tangu siku tatu zilizopita". Nomino zisizohesabika tulizipitia kwa kasi, na ilifaa iwe hivyo, kwa kuwa ukishajua kuwa "vifaa" vimekudanganya uandike "equipments", "taarifa hizi" zimekudanganya uandike "these informations", na "habari" zimekudanganya uione "news" kuwa ni wingi, kinachobaki ni kukariri orodha fupi. Palikuwa pia na dakika chache za saa, ambazo si sarufi hata kidogo, lakini aliyemwandikia nahodha kuwa rubani atafika "at 4 a.m." akimaanisha saa nne asubuhi alizihitaji kuliko sarufi yote.

Hadi hapa nimesifu. Sasa nieleze nilipokereka.

Kosa la kwanza la darasa ni kuupenda mno ufunguo wake. Mwalimu akishaona kuwa kosa linafunguka kwa Kiswahili, hutaka kila kosa lifunguke hivyo. "We didn't received the invoice" aliliweka juu ya Kiswahili kama mengine, na hapo sikukubaliana naye. "Hatukupokea" huonyesha wakati uliopita mara moja tu, kwa "-ku-", na hakuna abiria yeyote wa ziada ndani yake. Anayeandika "didn't received" amesukumwa na Kiingereza chenyewe, ambacho katika kauli ya kukubali huweka alama ya wakati kwenye kitenzi kikuu na katika kauli ya kukanusha huihamishia kwenye "did". Ukiwa umekariri "received" miaka yote kama neno la jana na juzi, ni rahisi kulibeba hadi mahali ambapo "did" imeshaifanya kazi hiyo. Kulisingizia Kiswahili hapo ni kumpeleka mwanafunzi kutafuta mlango kwenye ukuta.

La pili ni zito zaidi. Jioni mbili nzima, kati ya 24, zilitumika kusahihisha mambo ambayo si makosa. Mwalimu anaamini kwamba sentensi ya Kiingereza haipaswi kumalizikia kwa kihusishi, yaani neno kama "for" au "about", kwamba haipaswi kuanza kwa "And" wala "But", na kwamba "Everyone should bring their documents" ni lazima iwe "his documents". Nilinyoosha mkono na kusema, "Samahani Mwalimu, mbona Waingereza wenyewe wanayaandika hayo?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mtihani hauna samahani." Jibu lilipendeza, na wengi walilicheka, lakini halikujibu swali. Lawama dhidi ya kihusishi cha mwisho husomeka kwa mshairi wa Kiingereza John Dryden mwaka 1672. Askofu Robert Lowth, aliyechapisha sarufi yake ya Kiingereza mwaka 1762 na ambaye kwa muda mrefu amebebeshwa kanuni hii, aliona kwamba matumizi hayo ni ya kawaida katika mazungumzo, akapendelea tu yawe machache zaidi katika maandishi ya heshima. Na kishazi alichokiandika kuelezea jambo hilo kilimalizikia kwa kihusishi. Ama "their" kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsia, hiyo imo katika Kiingereza tangu karne ya 14. Cha ajabu ni kwamba hili ndilo eneo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili angepaswa kupumua, kwa kuwa hatimaye Kiingereza kimempa kitu kinachofanana na "a-" yake, na hapo hapo mwalimu anamnyang'anya.

Ninaelewa hoja ya mtihani. Anayemwandaa mtoto kwa karatasi za Baraza la Mitihani ana haki ya kumfundisha njia salama. Lakini darasani kwetu palikuwa na mwanafunzi mmoja tu mwenye habari na mtihani, naye ni yule mzee, tena mtihani wenyewe ni wa mjukuu. Sisi wengine tulikuwa tunaandika barua, na barua ambayo imepindwa ili kihusishi kisikae mwisho, kama "the vessel for which we have been waiting and about which you inquired", husomeka kama hati ya kale ya mahakama. Ni muhimu mwanafunzi aambiwe lipi ni kosa ambalo litambadilishia maana au kumwaibisha, na lipi ni upendeleo wa watu fulani. Darasa hili huyaweka yote kwenye kapu moja na kuyapiga wino mwekundu uleule.

Kijitabu cha mazoezi, kinachouzwa kando kwa shilingi 5,000, sikipendekezi. Ni nakala ya nakala, baadhi ya mistari imefifia, na sentensi zake zinahusu theluji na treni za London, mambo ambayo hayafanani hata kidogo na yale tunayoyaandika. Kibaya zaidi ni kwamba majibu yaliyo nyuma yana makosa. Kinasema "The number of ships have increased" ni sahihi, ilhali "the number" ni umoja na hudai "has". Ni "a number of ships" ndiyo inayochukua "have". Mahali pengine kimeweka "an one-way street", kwa kuwa aliyeandika aliiangalia herufi badala ya kuisikiliza sauti: "one" huanza kwa sauti ya "w", kama vile "university" inavyoanza kwa sauti ya "y", na ndiyo maana zote huchukua "a", wakati "hour" ambayo "h" yake haitamkwi huchukua "an". Nilimwonyesha mwalimu kurasa hizo. Alizikata kwa kalamu papo hapo na kunishukuru, jambo ambalo ni la kumsifu, ila wiki iliyofuata nakala mpya ziliuzwa zikiwa vilevile.

Nimesikitishwa pia na namna vile vineno vya "a", "an" na "the" vilivyopewa jioni moja tu. Kwa mtu anayetoka katika Kiswahili, hiki ndicho kisanduku kitupu kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa "Meli imefika" inaweza kuwa meli yoyote au meli ile tunayoingojea, na sisi huliacha hilo kwa muktadha au kwa "ile". Tulifundishwa kuwa kitu kikitajwa mara ya kwanza huchukua "a" na kikirudiwa huchukua "the". Ni kanuni nzuri kwa kuanzia, lakini haielezi kwa nini jua na mwezi huchukua "the" bila kutajwa kabla, wala kwa nini Mwingereza husema mgonjwa yuko "in hospital" na fundi wa mabomba yuko "in the hospital", mmoja akiwa pale kwa kazi ambayo hospitali iliwekwa kwa ajili yake na mwingine akiwa tu ndani ya jengo. Muuguzi alipouliza hilo, mwalimu alisema litazoeleka. Kwa mwalimu mwenye kipaji cha kuuliza kosa linatoka wapi, jibu hilo lilikuwa la kuchoka. Pengine ilikuwa saa ya kuchoka kweli, maana umeme ulikuwa umekatika tangu Isha na tulikuwa tukitumia tochi za simu.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini tulipe ada wakati simu zetu zina programu za kusahihisha. Tulilijaribu jambo hilo darasani kwa sentensi zetu wenyewe. Programu ilikamata "informations" na "didn't received" mara moja, kwa haraka kuliko sisi sote. "Please send the documents until Friday" iliipitisha bila neno, kwa sababu kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Kosa liko kati ya sentensi na nia ya mwandishi. "He was given an injection" pia iliipitisha, kwani haikuwepo wodini. Na "Yes" yangu, iliyotugharimu siku nne za bandari, haina herufi hata moja ya kusahihishwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo ni kuiachia programu nomino zisizohesabika na vitenzi vya wakati uliopita, kisha ada yake aitumie kwa yale ambayo yanahitaji mtu anayekijua Kiswahili.

Kwa hesabu ya mtu mmoja mmoja, ada ni ya haki ila idadi yetu ilikuwa kubwa. Katika wiki nane barua nzima niliyoiandika mimi ilisomwa mara mbili tu, siku ya kwanza na siku ya mwisho. Kwingine ilikuwa sentensi moja moja. Kama mwalimu angepokea watu 12 na kuongeza ada kidogo, mimi ningelipa. Muuguzi, karani, mpokeaji wageni, na yeyote ambaye Kiingereza chake kinaeleweka lakini hurudi na makosa yaleyale kila mwezi, aende. Mwanafunzi wa sekondari aende pia, na kwake hata zile jioni mbili za vihusishi hazitakuwa hasara. Anayeandikiana na Wamarekani ajue kwamba hapa Kiingereza ni cha Uingereza na "gotten" hupigwa mstari bila huruma. Uandikishaji hufanyika siku ya kwanza ya kila duru, pale pale ghorofani, kabla ya Magharibi, na anayechelewa hukaa kwenye benchi la nyuma ambako kelele za bodaboda za barabarani humeza nusu ya maneno.

Barua yangu ya siku ya kwanza ilirudi ikiwa na alama nyekundu 17. Ya siku ya mwisho, yenye urefu uleule na iliyoandikwa kwa wakala yuleyule wa "Yes", ilirudi na mbili. Moja ni "the" niliyoisahau mbele ya "port". Ya pili ni kihusishi kilichokaa mwisho wa sentensi, na hicho nimekiacha palepale, nikaituma.